Siku Moja Iringa, Peke Yako: Kwenda kwa Treni hadi Makambako, Kurudi Mbeya kwa Basi

Reli ya TAZARA, ile ya Tanzania na Zambia, haifiki Iringa. Mkazi wa Mbeya anayetamani kwenda kuutazama mji huo kwa treni anapaswa kulijua hilo kabla hajasogea kwenye dirisha la tiketi, kwa sababu mpango mzima wa safari unajengwa juu yake. Ikitoka Mbeya, reli hupita Uyole, ambako hufikia kimo cha mita 1,789, mahali pa juu kuliko pote katika kilomita zake 1,860. Kisha hushuka kuelekea Chimala na Rujewa pembezoni mwa Usangu, hupanda tena hadi Makambako, na kutoka hapo huteremka kwenda Mlimba na bonde la Kilombero. Iringa hubaki upande wa kaskazini, umbali wa takribani kilomita 160 za lami kutoka Makambako.

Hata hivyo safari hii inawezekana, na kwa maoni yangu ndiyo njia nzuri zaidi kwa mtu wa Mbeya kuifahamu Iringa, ilimradi treni iwekwe mahali pake. Treni iwe ya kwendea, katika siku inayotangulia matembezi. Basi liwe la kurudia. Sababu yake ni rahisi. Treni ikichelewa wakati wa kwenda, utakachopoteza ni saa chache za usingizi Makambako, na siku yako ya Iringa itabaki salama. Ikichelewa wakati wa kurudi, utakesha stesheni ukiwa peke yako, umechoka, na kesho yake unatakiwa kazini. Wengi waliorudi wakiilaumu safari ya treni waliipanga kinyume na hivi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayesafiri bila mwenzake, awe mwanamume au mwanamke, mwenye siku moja tu ya matembezi na asiyetaka kuimaliza ndani ya magari.

Kuchagua siku na kukata tiketi

Anza na treni, kwa kuwa mabasi yapo kila siku na treni haipo kila siku. Treni za abiria za TAZARA hupita Mbeya kwa siku maalumu za wiki, na siku hizo zimekuwa zikibadilika kadiri hali ya vichwa vya treni na ya njia yenyewe inavyobadilika. Kwa hiyo usitegemee ratiba uliyoikuta kwenye picha iliyosambazwa mwaka jana. Nenda mwenyewe stesheni ya Mbeya, iliyoko Iyunga kwenye barabara ya Tunduma, na uulize mambo matatu: treni ya kuelekea Dar es Salaam inapita siku gani, inatarajiwa kuondoka Mbeya saa ngapi, na inatarajiwa kufika Makambako saa ngapi. Jibu la swali la tatu ndilo litakaloamua kama utahitaji kulala Makambako au utakaa stesheni kwa muda mfupi na kuingia kwenye gari la alfajiri.

Ukishapata siku ya treni, hesabu siku inayofuata na uhakikishe kwamba si sikukuu ya kitaifa wala siku ambayo makumbusho ya Kalenga, kituo chako cha kwanza Iringa, hufungwa. Pata namba ya simu ya makumbusho mapema na upige kuuliza, kwa sababu kufunga safari kutoka Mbeya na kukuta mlango umefungwa ni hasara isiyorekebishika ndani ya siku moja.

Kata tiketi siku kadhaa kabla na uende na kitambulisho. Katika treni hizi daraja la kwanza lina vyumba vya vitanda 4, daraja la pili lina vyumba vya vitanda 6, na daraja la tatu ni viti. Kwa safari ya saa chache hadi Makambako, watu wengi huona kwamba viti vinatosha, nami sikatai, lakini kwa anayesafiri peke yake ningependekeza daraja la pili. Wanaume na wanawake huwekwa katika vyumba tofauti, isipokuwa kundi moja likikodi chumba kizima. Mwanamke anayesafiri pekee huwa na wanawake wenzake, mlango hufungwa kwa ndani, na mzigo huwekwa mahali unapouona. Tofauti ya nauli kwa kipande kifupi kama hiki si kubwa ukilinganisha na utulivu unaoupata.

Vitu vya kubeba

Beba mfuko mmoja wa mgongoni usiozidi uwezo wako wa kutembea nao siku nzima, kwa kuwa huna mwenzako wa kukushikia mzigo unapokwenda maliwatoni au unapopanda daladala iliyojaa. Ndani yake weka kitambulisho cha taifa, kwa sababu kiingilio cha raia katika makumbusho zetu ni kidogo kuliko kile cha mgeni na huenda ukaombwa kuthibitisha, koti zito, hata kama Mbeya umeliacha jua, tochi, maji ya kunywa, dawa zako ikiwa unatumia, na pawabenki iliyojazwa chaji. Makambako ni mji wa upepo na baridi, na kati ya Juni na Agosti baridi ya usiku pale huwashangaza hata watu wa Uyole. Kuanzia Desemba hadi Aprili badilisha: koti la mvua liwe juu kabisa ya mfuko, na viatu viwe vya kukanyaga tope.

Fedha zigawe mara tatu. Za nauli na chakula ziwe mfukoni, za dharura ziwe ndani ya nguo, na nyingine ziwe kwenye simu. Hakikisha unazo noti ndogo, maana ukimpa konda wa daladala noti ya shilingi 10,000 kwa nauli ya mia chache, mara nyingi utashuka ukiwa unasubiri chenji huku gari likiondoka.

Kabla ya kuondoka mwachie mtu mmoja nyumbani maelezo yaliyoandikwa: namba ya treni au jina lake, jina la nyumba ya wageni utakayolala, na saa unayotarajia kurudi. Mkubaliane pia nyakati mbili za kuwasiliana katika siku ya matembezi, mmoja ukifika Iringa na mwingine ukipanda basi la kurudi. Ukiahidi kupiga simu kila saa hutaweza kutimiza, na utamtia wasiwasi bure.

Ndani ya treni

Fika stesheni mapema, kisha uketi. Muda uliotangazwa hauna uhakika, na kukasirika hakuisogezi treni. Ukishapanda, jitambulishe kwa mhudumu wa behewa, mwambie unashuka Makambako na umwombe akukumbushe. Treni husimama stesheni nyingi ndogo zisizo na taa za kutosha, na usiku ni rahisi kupitiliza. Baada ya Makambako njia inaingia kwenye kipande kilichowatesa wajenzi kuliko vyote: kati ya Makambako na Mlimba kuna madaraja 46 na mahandaki 18. Atakayepitiliza ataamkia upande wa pili wa milima hiyo.

Reli hii ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, wakati Zambia ilipohitaji njia ya kwenda baharini isiyopitia Rhodesia na nchi nyingine zilizokuwa chini ya utawala wa Wazungu wachache. Abiria wa kipande cha Mbeya hadi Makambako huiona historia hiyo kwa utulivu, kwenye majengo ya stesheni yaliyo sawasawa na kwenye mabehewa yenyewe. Kaa dirishani wakati treni inaposhuka kutoka Uyole. Mashamba ya viazi na mahindi ya mlimani hubaki nyuma, hewa inakuwa nzito kidogo, na muda si mrefu mashamba ya mpunga ya Usangu yanatandazika mpaka macho yanapoishia. Chimala na Rujewa wauzaji husogea madirishani. Nunua kilichopikwa na kinachotoa mvuke, au tunda linalomenywa. Behewa la chakula likiwepo, agiza mapema, kwa maana jiko lake ni dogo na abiria ni wengi.

Ukitaka kupiga picha za stesheni, madaraja au watumishi, omba ruhusa kwanza. Msafiri pekee akizuiwa kwa ajili ya picha hana mtu wa kumtetea wala wa kumlindia mzigo wakati anajieleza.

Makambako

Nyumba ya wageni iwekewe nafasi kwa simu kabla ya safari, na iwe karibu na stendi ya mabasi kuliko stesheni, kwa sababu asubuhi ndiyo itakayokuwa na haraka. Ukishuka usiku, usitembee kwa miguu na usimfuate mtu anayekuvuta mkono kwenye lango la stesheni. Mwombe mlinzi au mtumishi wa stesheni akuitie bajaji, apatane nauli na dereva mbele yako, kisha panda. Treni ikifika baada ya saa tisa usiku, ni afadhali kubaki kwenye chumba cha kusubiria pamoja na abiria wengine mpaka kupambazuke, na ukaenda stendi moja kwa moja.

Mambo mengine ya Makambako hayahitaji muda wako safari hii. Kunywa chai ya moto na uondoke.

Kuingia Iringa

Kosta na mabasi ya kwenda Iringa huanza kuondoka alfajiri. Lenga gari la saa kumi na mbili asubuhi, kwa kuwa safari huchukua takribani saa tatu gari likisimama vituo vya njiani. Keti upande wa kushoto, kwani gari linaelekea kaskazini mashariki na jua la asubuhi hupiga upande wa kulia muda mwingi wa safari. Kiti cha nyuma ya dereva ndicho bora kwa aliye peke yake: unaona barabara, unasikika ukisema, na mfuko wako unakaa miguuni pako. Baada ya Nyololo utaingia katika misonobari ya Sao Hill, msitu wa kupandwa mkubwa kuliko yote nchini, na magogo yaliyopangwa kando ya barabara kuelekea Mafinga yatakueleza watu wa wilaya ya Mufindi wanaishi kwa kazi gani. Mbele kidogo ni Ifunda, ambako wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia kulikuwa na kambi ya wakimbizi kutoka Poland.

Barabara kuu haipandi Iringa mjini. Inapita chini, Ipogolo, na mji uko juu ya mlima ukiutazama mto Ruaha Mdogo. Mabasi makubwa huishia au hupita stendi ya Igumbilo, na daladala ndizo zinazopandisha abiria mjini. Kabla hujapanda daladala hiyo, fanya jambo moja ambalo wengi huliahirisha: kata tiketi ya kurudi Mbeya. Nenda kwenye ofisi ya kampuni ya basi, si kwa mpiga debe, na uombe kiti katika basi linalopita Iringa kati ya saa tisa na saa kumi alasiri. Hayo kwa kawaida ni mabasi yaliyotoka Dar es Salaam asubuhi, nayo hufika yakiwa yamejaa. Tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, yapo pia ya baadaye, lakini hayo yatakufikisha Mbeya usiku wa manane au alfajiri, saa zisizomfaa mtu aliye peke yake. Andika namba ya basi na namba ya simu ya ofisi nyuma ya tiketi. Sasa siku yako ina mwisho unaojulikana, na unaweza kuitumia bila kuangalia saa kila dakika.

Kalenga kwanza

Ushauri wangu mkubwa katika mwongozo huu ni kwamba usianze na mji. Pita mjini moja kwa moja, uliza daladala za Kalenga, na uondoke. Kijiji hicho kiko takribani kilomita 15 kutoka mjini, katika barabara ya kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na ndicho kilichokuwa Iringa kabla ya Iringa ya leo. Hapo ndipo Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, jina lake kamili Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga, alipokuwa na makao yake makuu ndani ya ngome ya mawe. Mji wa sasa uliasisiwa na Wajerumani mwaka 1896 baada ya kuibomoa ngome ile. Anayeanza na majengo ya Kijerumani mjini huona majengo mazuri ya zamani na kuondoka. Anayeanza Kalenga hujua yalijengwa na nani, baada ya kumshinda nani, na kwa gharama gani.

Mwambie konda kwamba unashukia makumbusho ya Mkwawa. Kutoka barabarani utatembea kidogo ndani ya kijiji. Salimia watu unaopishana nao: wazee waamkie shikamoo, na ukitaka kuwafurahisha wenyeji, "kamwene" ndiyo salamu ya Kihehe, na kuijibu ni kuirudia vilevile. Mgeni pekee anayesalimia huelekezwa mpaka mlangoni, na mara nyingi husindikizwa.

Makumbusho yenyewe ni nyumba ndogo, na mtu mwenye haraka anaweza kuimaliza kwa dakika kumi. Tafadhali usifanye hivyo. Lipa kiingilio, dai stakabadhi, kisha umwombe mwongoza wageni akueleze kwa mpangilio wa miaka. Faida ya kuwa peke yako inaonekana hapa kuliko mahali pengine pote: hakuna mwenzako anayekuvuta twende, na mwongoza wageni anapoona unasikiliza kweli, huacha maelezo ya mazoea na kuanza kusimulia.

Ili usimulizi huo ukukute umejiandaa, shika tarehe hizi. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, mashariki ya Iringa, jeshi la Mkwawa lilikivizia kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski. Kamanda huyo aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya watu wake. Wajerumani walijipanga kwa miaka mitatu, na mwishoni mwa Oktoba 1894 gavana von Schele akaja na mizinga na kuiteka Kalenga. Mkwawa alitoroka na kuendesha vita vya msituni kwa karibu miaka minne, huku wananchi wakimficha na kumlisha ingawa kichwa chake kilikuwa kimetangaziwa zawadi ya rupia 5,000. Tarehe 19 Julai 1898, alipozingirwa akiwa mgonjwa, alijipiga risasi huko Mlambalasi kuliko kuchukuliwa akiwa hai. Askari wa Kijerumani aliyemkuta, sajini Merkl, alikikata kichwa na kukipeleka kwa wakubwa zake.

Kilichofuata ndicho kinachokufanya usimame muda mrefu mbele ya kabati la kioo ndani ya chumba hicho. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ule uliohitimisha Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, una kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani ilirudishe fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita. Halikurudi. Ilipita miaka 35. Mwaka 1953 gavana wa Kiingereza wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda Bremen kwenye jumba la makumbusho lililokuwa na mafuvu yapatayo 2,000, akachambua yale yaliyotoka Afrika Mashariki kwa kulinganisha vipimo vyake na vya jamaa wa Mkwawa waliokuwa hai, na akachagua lililokuwa na tundu la risasi. Fuvu hilo lilikabidhiwa Kalenga tarehe 19 Juni 1954 kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi. Wapo wataalamu wanaohoji kama kweli hilo ndilo lenyewe, na ukimuuliza mwongoza wageni kwa heshima atakujibu bila kukasirika. Kwa upande wangu, naona kwamba hata shaka hiyo ni sehemu ya dhuluma yenyewe: mafuvu ya watu wetu yalirundikwa mpaka mwenye fuvu akatambuliwa kwa vipimo.

Tazama pia mikuki, ngao na rungu zilizowekwa hapo, kisha utoke uangalie makaburi ya machifu yaliyo jirani. Mabaki ya ngome ni machache na yako katikati ya makazi ya watu, kwa hiyo usizunguke nyuma ya nyumba bila mwenyeji. Kabla ya kupiga picha ya fuvu, omba ruhusa, na ukinyimwa uridhike.

Ondoka Kalenga kabla ya saa sita mchana. Daladala za kurudi husubiri zijae, na huwezi kuzilazimisha.

Mjini, kwa miguu

Iringa mjini ni mji wa kutembea, na sehemu zenye historia ziko karibu karibu. Anza na Boma, makumbusho ya mkoa, katika jengo ambalo Wajerumani walilijenga mwanzoni mwa karne iliyopita kama hospitali na Waingereza wakaligeuza kuwa ofisi za utawala. Lilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016 kwa juhudi za mpango wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa. Maonyesho yake yamepangwa vizuri kuliko ya makumbusho nyingi za mikoani: yanaeleza maisha ya jamii za mkoa, kazi zao za mikono, na kipindi cha ukoloni. Baada ya Kalenga utayasoma maelezo hayo kwa macho mengine. Kwa msafiri pekee Boma ni kituo cha msaada pia, kwani watumishi wake wanaujua mji na wanaweza kukuunganisha na kijana wa kukutembeza.

Kutoka hapo shuka kuelekea bustani na kituo cha polisi, utafute mnara wa kumbukumbu ya Waafrika waliofia katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Ni mnara mdogo ambao wapita njia wengi hawautazami tena. Endelea hadi Jamatkhana, nyumba ya ibada ya Waismaili yenye mnara wa saa, kisha sokoni.

Soko la Iringa lipewe angalau nusu saa. Hapo utaona vikapu vya milulu, vilivyosukwa kwa nyasi za mabondeni zenye jina hilo na kuhimili miaka mingi ya matumizi. Angalia kitako cha kikapu kabla ya kuuliza bei: mduara wa katikati uwe umebana kiasi kwamba ukiuinua kwenye mwanga huoni upenyo, na ukingo wa juu urudi wenyewe ukiuminya. Kaa na mama anayeuza, msalimie, na umuulize kimesukwa kijiji gani kabla ya kupatana naye. Nunua kikapu kimoja kinachoingia mfukoni au kinachovalika begani, ukikumbuka basi linakungoja.

Chakula cha mchana kinapatikana katika migahawa ya karibu na soko, wali au ugali kwa maharage, mboga na nyama, na chakula kinachoisha haraka ndicho kilichopikwa leo. Mwenye kupenda mahali patulivu aulize Neema Crafts, mradi ulioanzishwa mwaka 2003 na Dayosisi ya Anglikana ya Ruaha, unaowaajiri watu wenye ulemavu katika ufumaji, ushonaji na kazi nyingine. Wahudumu wengi wa mgahawa wake ni viziwi, nawe utaandika unachotaka kwenye karatasi au kujaribu ishara zilizochorwa. Ulanzi, pombe ya mianzi, uuache kwa siku utakayolala Iringa.

Gangilonga na mengine ya kuacha

Jiwe la Gangilonga, linaloutazama mji kutoka juu, limo katika masimulizi ya Wahehe kama mahali ambapo Mkwawa alipata habari za kuja kwa Wajerumani. Mandhari yake ni ya kupendeza na njia ya kupanda si ngumu. Lakini mtu aliye peke yake asipande peke yake. Ni mahali pa upweke, na mwenye simu mkononi huonekana kutoka mbali. Chukua kijana uliyeunganishwa naye pale Boma, patana malipo kabla, pandeni kabla ya saa tisa na mshuke pamoja. Ikiwa Kalenga ilikula muda, Gangilonga ndiyo ya kuachwa, na usiione kama hasara kubwa.

Isimila huulizwa sana, na ni haki yake. Liko takribani kilomita 20 kutoka Iringa kando ya barabara ya Mbeya, korongo lenye nguzo ndefu za udongo na mawe zilizochongwa na mmomonyoko, ambako zana za mawe za watu wa kale ziligunduliwa mwaka 1951 na kuchimbuliwa kisayansi miaka michache baadaye. Wengine hushauri kushuka hapo asubuhi wakati wa kuja. Mimi siungi mkono kwa safari hii. Kutoka barabara kuu kuna mwendo wa kuingia ndani, korongo linahitaji mwongozaji na muda wa kutosha, na ukishamaliza utasimama barabarani ukipungia magari yaliyojaa. Isimila na Kalenga haviingii katika siku moja ya mtu anayetegemea usafiri wa umma, bila kimoja kuharibiwa. Lugalo na Mlambalasi, moja mashariki na nyingine magharibi, nazo zinastahili siku yake na gari la kukodi.

Kurudi

Saa tisa alasiri uwe umekwisha kuanza kuteremka. Piga simu ofisi ya basi uulize lilipo, kisha panda daladala ya kwenda Igumbilo hata kama umeambiwa limechelewa. Nunua maji na kitu kikavu cha kula stendini, nenda maliwatoni, na umtumie ujumbe yule uliyemwachia maelezo, ukimtajia namba ya basi. Ndani ya basi mfuko ukae miguuni, si kwenye kichanja cha juu ambako hutauona ukisinzia, na koti liwe mkononi kwa ajili ya Makambako.

Basi la saa kumi litakuingiza Mbeya kati ya saa tatu na saa nne usiku likienda vizuri. Amua mapema unaposhukia. Anayeishi Uyole au Igawilo ashukie Uyole, mahali penye taa na watu, badala ya kupelekwa stendi kuu na kurudi tena kwa bodaboda. Anayeishi Iyunga au Mbalizi aendelee mpaka stendi na achukue usafiri ulio ndani ya uzio. Mpigie dereva wa bajaji unayemfahamu ukiwa Igawa, ambapo bado una saa moja na nusu hivi ya kufika, ili akukute akiwa tayari.